Siku ya Mwana Huanza Usiku



Mashitaka tuyasikiayo juu ya wana wetu wa skuli za msingi ni yale yale kila mwaka. Mzee asema mwana hataki kusoma. Mwalimu wa skuli asema mwana huja amechelewa, hakutia kitu tumboni, kazi aliyopewa hakuifanya, na ifikapo saa nne asinzia juu ya daftari. Mwalimu wa chuoni naye asema mwana huyo huyo, jioni, hana nguvu hata ya kufungua juzuu yake. Kila mmoja amlaumu mwenziwe, na mwana huitwa mvivu na wote. Lakini kuna jambo moja ambalo hapana alitajaye, nalo ni utaratibu wa nyumba anamolala mwana huyo. Somo letu la leo ni juu ya jambo hilo.

Utaratibu si ukali, wala si wingi wa amri. Maana yake ni kila jambo kuwa na wakati wake ujulikanao, hata mwana asihitaji kuamrishwa upya kila siku. Katika nyumba isiyo na utaratibu kila kitu huwa ni ugomvi: kuamka ni ugomvi, kuoga ni ugomvi, kushika kitabu ni ugomvi. Mama huchoka kwa kupiga kelele, na mwana huzizoea kelele hizo hata asizisikie tena.

Basi utaratibu huo waanzia wapi? Wengi wetu huanzia asubuhi, nako ni kukosea. Katika hesabu yetu, usiku hutangulia mchana wake. Tusemapo usiku wa Ijumaa, twakusudia usiku utanguliao mchana wa Ijumaa, na siku mpya huingia jua lichwapo. Hesabu hii twaishika vyema katika kuingia Ramadhani, lakini katika malezi tumeisahau. Twataka kutengeneza asubuhi ya mwana hali asubuhi hiyo imekwisha kuharibika tangu usiku.

Natufanye hesabu. Mwaka 2016 jumuiya ya matabibu wa usingizi ya Marekani ilishauri kwamba mtoto wa miaka 6 mpaka 12 alale muda wa saa 9 mpaka 12 katika kila siku. Mwana akilala saa mbili u nusu ya usiku na kuamka saa kumi na moja u nusu ya alfajiri, amepata muda wa saa 9, nao ndio uchache wa kiasi hicho. Akilala saa tano, na wakati wa kuamka ni ule ule, amepata saa 6 na nusu tu. Hupungukiwa na saa 2 na nusu kila usiku, na kwa siku tano za skuli upungufu huo ni saa 12 na nusu, yaani zaidi ya usingizi wa usiku mzima. Mwana kama huyu si mvivu. Ni mdeni wa usingizi, na deni hilo tumemkopesha sisi.

Sababu za deni hili twazijua. Televisheni huwashwa mpaka mwenye kuitazama ashikwe na usingizi kitini. Simu hutiwa mkononi mwa mtoto ili anyamaze. Arusi hudumu mpaka usiku wa manane, na wana wa darasa la pili wamelala juu ya mikeka pembezoni, hali kesho yake ni siku ya skuli. Kisha mwana akisahau alichofunzwa, wako wazee waendao kumtafutia hirizi au kombe, wakidhani ameonewa kijicho. Dawa yake i karibu zaidi na haina bei: alazwe mapema.

Mwenyezi Mungu ametupa saa isiyohitaji kutiwa ufunguo, nayo ni swala tano. Katika miji yetu ya pwani, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, saa hii yakaribia kutobadilika: Magharibi ya Mombasa husogea kwa kadiri ya nusu saa tu mwaka mzima. Ndugu zetu walioko London jua huwachwea kabla ya saa kumi za jioni mwezi wa Disemba, na mwezi wa Juni huchwa baada ya saa tatu za usiku, hata hawawezi kuifanya Isha kuwa ndio wakati wa kulala wana wao. Sisi twaweza, na hatufanyi! Na katika Suratun Nur, aya ya 58, wana wasiobaleghe wameamrishwa kuomba ruhusa ya kuingia kwa wakubwa katika nyakati tatu: kabla ya swala ya alfajiri, wakati wa mapumziko ya adhuhuri, na baada ya swala ya Isha. Aya hii yatuonyesha nyumba ambayo hata watoto wadogo wazijua nyakati zake.

Basi natuipange siku ya mwana kwa mpango wa usiku kwanza.

Magharibi. Mwana awe amekwisha kuingia ndani, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, ametuusia tuwazuie watoto wetu kutoka giza liingiapo. Akisha kuswali, ashike kitabu. Baina ya Magharibi na Isha kuna zaidi ya saa moja, nayo yatosha kwa kazi ya skuli ya mtoto wa msingi na kwa kurejea aya chache alizohifadhi. Simu zote, hata za wakubwa, ziwekwe mbali kwa muda huo.

Isha. Baada ya swala ni chakula, na watu wa nyumba wale pamoja iwezekanapo. Kisha mkoba wa skuli utengenezwe usiku ule ule. Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza katika madarasa ya chini mwaka 2019, huwataka wana mara nyingi wapeleke vifaa vya kufanyia kazi, na mzee anayeambiwa habari hiyo saa kumi na mbili ya asubuhi hana la kufanya ila kukasirika. Sare na viatu viwekwe mahali pamoja. Halafu mwana apige mswaki, asome dua yake, taa izimwe. Mtume alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, na katika hilo mna hekima kubwa kwa mwenye kulea.

Alfajiri. Mwana aliyelala mapema huamshwa kwa sauti moja. Ataswali, ataoga, atakunywa chai na chochote kilichopatikana, japo ni kipande cha muhogo au mahamri ya jana. Asitoke na njaa.

Alasiri. Hapa ndipo penye uzito kwa wana wa pwani, kwani wao wana skuli mbili katika siku moja. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliweka masomo ya darasani baina ya saa mbili za asubuhi na saa tisa u nusu. Baada yake kuna chuo, na wazee wengine huongeza mwalimu wa masomo ya ziada. Mchezo wa mwana umebaki wapi? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihyaa kwamba mtoto atokapo chuoni aachiwe acheze mchezo mwema apumzike, kwani kumzuia mchezo na kumlemea kwa masomo daima huufisha moyo wake na kumfanya atafute hila za kukimbia masomo. Na Shirika la Afya Duniani hutaka mtoto autie mwili wake katika harakati kwa dakika 60 kila siku. Basi baina ya kutoka chuoni na adhana ya Magharibi, mpira ni haki yake, tusimwibie.

Huenda mtu akasema: “Hayo ni ya wenye nafasi. Sisi tu watu sita katika chumba kimoja, baba yuko Ghuba kikazi, na mama huuza viazi karai barazani mpaka saa tatu.” Jawabu ni kwamba utaratibu hauhitaji vyumba, wahitaji nia na mtu mmoja wa kuusimamia. Nyanya aweza, dada mkubwa aweza. Mkeka mmoja wa kusomea pembeni, taa ipunguzwe na sauti zishushwe saa mbili u nusu, nayo yatosha. Tena mwenye dhiki ndiye mwenye haja zaidi ya utaratibu, kwani hana mali ya kuzibia yanayoharibika.

Wala tusiyafanye yote kwa siku moja. Amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, japo ni kidogo. Anza na wakati wa kulala peke yake. Ushike mwezi mmoja mpaka uwe ada, kisha ongeza la pili. Na siku za mapumziko usiuvunje: atakayelala saa sita ya usiku Ijumaa na Jumamosi, Jumatatu yake itamshitaki.

La mwisho ndilo zito zaidi. Mwana hafuati aambiwalo, hufuata aonalo. Baba akaaye barazani mpaka saa tano, kisha akaja kuuliza kama wana wamelala, ameuliza swali ambalo yeye mwenyewe ndiye jawabu lake. Na tuwe wapole. Mtume ametuamrisha tuwaamrishe wana swala wafikapo miaka 7, na hakutaja kuwaadhibu mpaka wafike 10. Baina ya miaka hiyo kuna swala zaidi ya 5,000. Ndiyo kusema, mara 5,000 za kukumbusha kabla ya kukasirika! Ni nani katika sisi aliyekumbusha hata mara 50?

Maswali ya kuzungumza katika darsa:

1. Wana wetu walilala saa ngapi jana, na ni nani aliyewachelewesha?

2. Ni jambo lipi moja tuwezalo kulianza usiku wa leo na kulishika mwezi mzima?

3. Vipi twaweza kupatana katika mtaa wetu kuhusu saa za arusi katika siku za skuli?

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika malezi ya amana hizi alizotupa, na azijaalie nyumba zetu ziwe ni skuli za kwanza za wana wetu. Amin.