Rangi Zisipokutana: Tupime Kabla ya Kulaumu

Wasomaji wetu, na hasa ninyi mliotutangulia shuleni, yafaa nieleze hapa jambo moja la kazi ya kupiga chapa. Wengi tumepata kuona picha ya rangi ambayo midomo ya mtu imehamia shavuni, au tanga la jahazi lina ukingo mwekundu usio wake. Watu husema, "Mashine mbovu hiyo." Pengine ni kweli; lakini pengine kosa lilikuwapo kabla karatasi haijaingia mashinini.

Kwanza tujue picha hiyo hufanywaje. Hupigwa kwa wino wa namna nne: njano, mwekundu wa waridi, samawati na mweusi. Kila wino una bamba lake la alumini, ambalo mafundi huliita pleti. Sehemu ya bamba yenye picha hushika wino, na sehemu tupu hushika maji na kuukataa wino, kwa kuwa mafuta na maji hayapatani. Asili ya njia hii ni Alois Senefelder, aliyevumbua upigaji chapa wa jiwe katika Ujerumani mwaka 1796.

Picha yenyewe ni nukta ndogo ndogo. Katika picha nyingi za magazeti mazuri huwa na mistari 150 ya nukta katika inchi moja, yaani kutoka nukta hata nukta ni kama milimita 0.17 tu. Basi bamba moja likienda upande kwa robo ya milimita, limekwisha kuruka nafasi ya nukta nzima, na jicho huona ukungu.

Kwetu Chovai, katika visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayo, mfano wake ni rahisi. Zamani watu wa pwani yetu waliunda mitepe, vyombo vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigiliwa misumari. Mwenye keekee alipaswa kuangalia tundu la ubao wa chini litazamane na tundu la ubao wa juu. Likienda upande, kamba huvuta mshazari na maji hupata njia. Mabamba nayo hutobolewa matundu ukingoni, yakavikwa katika pini za chuma, ili yote manne yakae mahali pamoja. Tena katika pembe za kila bamba huwekwa alama za msalaba. Misalaba minne ikilaliana sawasawa juu ya karatasi, rangi zimekutana.

Haya, zisipokutana tufanyeje? Chukua karatasi kumi zilizofuatana, utazame misalaba kwa kioo cha kukuzia.

(a) Kosa likibadilika karatasi hata karatasi, tazama jinsi mashine inavyoshika karatasi. Bamba lililofungwa imara halitembei huku na huku.

(b) Likiwa ni lile lile katika pembe zote, kwa upande mmoja na kipimo kimoja, bamba au picha yake imesogea.

(c) Upande mmoja ukipanda na wa pili ukishuka, kitu kimekaa mshazari: bamba mashinini, au picha juu ya bamba.

(d) Kosa likizidi kadiri uendavyo ukingoni, shuku karatasi. Karatasi hunywa unyevu wa hewa ikatanuka, na hutanuka zaidi kwa kukata nyuzi zake kuliko kwa kuzifuata. Sisi wa pwani tuliangalie sana hili, hasa karatasi inapopitishwa mara nne katika mashine ya rangi moja. Bamba lililokazwa kupita kiasi pia hunyooka.

Baada ya hayo, fungua mabamba uyalaze mezani. Pima kwa rula nzuri kutoka ukingo wa tundu mpaka msalaba, kushoto na kulia, katika mabamba yote manne, ukaandike. Vipimo vikiwa sawa, mabamba hayana hatia, rudi mashinini. Vikihitilafiana, kosa limetoka chumba cha mabamba. Hapo tengeneza bamba jipya upime tena. Kosa likirudi vile vile, chunguza kitobolea matundu, pini, na mpango wa picha katika kompyuta au filamu. Likirudi kwa namna nyingine, bamba halikai imara linapotiwa picha: pengine tundu limelegea, au pana uchafu kwenye pini.

Wakati wa likizo niliona faida ya kipimo hiki katika duka moja mjini Mombasa. Ganda la kitabu liliharibika, karatasi nyingi zikatupwa, na fundi wa mashine akaambiwa kwamba gharama itakatwa katika mshahara wake. Naye ana watoto shuleni. Mzee wa chumba cha mabamba akasema, "Bwana, tupime kwanza." Mabamba matatu yalilingana. La nne, la wino mwekundu, lililingana kushoto, lakini kulia lilizidi milimita moja. Chini ya pini ya kulia palikuwa na kipande cha utepe wa gundi kilichokauka, kikilizuia bamba lisikae. Kilibanduliwa, bamba likafanywa upya, rangi zikakutana. Mshahara wa fundi haukuguswa.

Rula ile ilimalizika kazi yake kwa muda mfupi, na karatasi zilizotupwa hazikurudi. Kwa hiyo wenzangu mtakaoingia kazi hii, pimeni mabamba kabla hayajafungwa mashinini, wala msingoje lawama.

Zoezi. 1. Misalaba ya njano imesogea kushoto katika pembe zote, na mabamba yamelingana kwa rula. Utatazama wapi? 2. Kwa nini ni afadhali kuitazama karatasi ya kumi kuliko ya kwanza peke yake? 3. Tafuta picha ya rangi nyumbani, uitazame kwa kioo, ueleze ni bamba gani lililopotea njia.