Faragha Baada ya Kazi

Ndugu Waislamu, katika hadithi aliyoitoa Bukhari kwa Ibn Abbas, Mtume wetu (s.a.w.) ametaja neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo: siha na faragha. Mtumishi wa Serikali ya Kenya, afikapo miaka 60, hupewa hiyo ya pili kwa siku moja.

Tutazame bara, kwa Wakisii. Simeon Nyachae, aliyezaliwa 1932, mwana wa Chifu Musa Nyandusi, alitumikia Serikali hata akawa Mkuu wa Mkoa, kisha Katibu Mkuu, akastaafu 1987. Hakukaa barazani kuhesabu vyeo vilivyopita. 1992 alichaguliwa Bungeni, kisha akawa Waziri. Lakini huyo alikuwa na mali. Mwalimu wa Nyamira hurudi kwenye kishamba chake cha chai, na ardhi ni finyu, na wanawe wangoja igawiwe.

Karani wetu wa bandarini hana hata kishamba; ana kiinua mgongo, na jamaa waliokwisha kukigawa vichwani mwao! Basi na alipe deni kwanza. Zilizobaki, zikitimia nisabu na kupitiwa na mwaka, zina zaka. Na wasia usizidi thuluthi, wala mrithi asiusiwe.

Na aliyeshika daftari miaka thelathini, je, hawezi kushika hesabu za wakfu wa msikiti, tunazozinung'unikia kila Ijumaa? Isomeni Suratul-Inshirah, aya mbili za mwisho, muone Mtume aliamrishwa nini apatapo faragha. Bao na karata hazimo.