Likizo ya Wawili Ufuoni: Pangeni Marejeo Kabla ya Safari

Desemba na Agosti zikifika, Nairobi hushuka Pwani. Mke na mume hupanga kwa makini hoteli, tiketi, nguo za kuogelea na zamu ya nyanya ya kukaa na watoto. Siku ya kurudi ndiyo isiyopangwa na mtu. Ndiyo maana raha ya wiki nzima Diani huweza kuyeyuka kabla hata ya Jumatano, watu wakabaki wakiulizana pesa zao zilikwenda wapi.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2013 mtafiti Jessica de Bloom na wenzake nchini Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wafanyakazi 54 waliokuwa kwenye likizo ndefu. Afya na uchangamfu wao ulipanda haraka, ukafika kileleni siku ya nane, kisha ukarudi ulikokuwa ndani ya wiki ya kwanza kazini. Wahenga wa Pwani nao walishasema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kurudi ni lazima. Kilicho mikononi mwenu ni jinsi ya kurudi, na naamini wanandoa wakilishughulikia hilo mapema, likizo fupi ya kiasi itawafaa kuliko ya kifahari iliyoishia kwenye ugomvi. Haya ndiyo ya kufanya.

1. Chagueni tarehe kwa kuangalia upepo na mwezi wa angani

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Joto huwa kali, na maji huwa maangavu kwa wanaopenda kutazama samaki. Aprili na Mei ni masika; mvua ni nyingi na bei za vyumba hushuka. Kuanzia Juni hadi Septemba ni kusi: hewa ni ya kupendeza, lakini bahari huchafuka na mwani husukumwa hadi mchangani. Anayekwenda Agosti asitarajie bahari ya Januari. Apange matembezi na usingizi zaidi kuliko kupiga mbizi.

Baada ya msimu, tazameni mwezi. Wageni wengi kutoka bara hufika ufuoni asubuhi wakakuta maji yamekimbilia mbali kwenye mwamba, wakadhani wamepata bahati mbaya. Si bahati. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kwenye saa nne asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, na maji hujaa katikati ya asubuhi. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50.

Kwa hiyo, wanaotaka kuogelea baada ya kifungua kinywa waende wakati mwezi ni nusu. Wanaopenda kutembea juu ya mwamba na kuchungulia vidimbwi waende siku za bamvua, wavae viatu vya mpira kwa sababu ya miiba, na warudi nchi kavu maji yanapoanza kujaa. Kabla ya kutoka, mwulizeni mvuvi au mlinzi wa hoteli maji yanajaa saa ngapi. Msalimieni vizuri kwanza, na kama ni mtu mzima mpeni shikamoo yake.

2. Hesabu ya fedha ianzie siku za baada ya safari

Kabla ya kulipia chumba, ketini na karatasi. Andikeni kodi ya nyumba, karo, nauli ya kwenda kazini kwa wiki mbili, tokeni za umeme, gesi, na ununuzi wa kwanza wa sokoni mtakaporudi. Pesa hizo zitengeni mahali ambapo hamtazigusa mkiwa safarini. Kinachobaki ndicho cha likizo. Kama hakitoshi siku saba, nendeni siku nne. Wanaosafiri Desemba wana sababu zaidi ya kufanya hivi, maana Januari shule hufunguliwa na mshahara wa mapema wa Desemba huwa umekwisha zamani.

Mkifika, pesa za likizo ziwe kwenye simu moja. Mmoja alipe, mwingine aandike, na katikati ya safari mbadilishane. Kisha kila mmoja awe na kiasi kidogo chake asichoulizwa. Ugomvi mwingi wa ufuoni hauanzi kwa bei ya hoteli. Huanza kwa kikoi cha pili, au kwa boti iliyolipiwa bila kuulizana.

Na kuhusu boti, kubalianeni na nahodha mkiwa bado mmesimama mchangani. Ulizeni mambo manne: bei ni ya mtu mmoja au ya chombo kizima, ada ya hifadhi imo au haimo, maboya ya kujiokolea yapo mangapi, na mtarudi saa ngapi. Anayekwenda Shimoni kutazama pomboo katika hifadhi ya Kisite-Mpunguti asisahau swali la pili, maana mara nyingi ada ya hifadhi hulipwa kando na kodi ya boti.

3. Rudini mkiwa na siku moja mkononi

Watazame wanaoteremka Syokimau Jumapili usiku kutoka treni ya mchana. Mume anaburura begi ambalo gurudumu lake moja limejaa mchanga. Mke amebeba mfuko wa mabuyu na achari uliokwisha kuvuja kwenye blauzi. Teksi zimepandisha bei. Nyumbani wanafika saa nne na nusu, jokofu lina chupa ya maji na nusu kitunguu, na kwenye sinki kuna sufuria waliyoiacha siku ya kuondoka. Anayeuliza nani alipaswa kuiosha hajakosea kuuliza. Amechoka tu. Lakini saa kumi na moja alfajiri kengele italia, na neno lile la usiku litakwenda naye hadi kazini.

Dawa yake ni rahisi: rudini Ijumaa au Jumamosi. Siku mnayoipoteza ufuoni mtaipata mara mbili nyumbani. Chagueni treni ya asubuhi, inayoondoka stesheni ya Miritini saa mbili na kuwafikisha mchana jua likiwa bado juu. Ile ya saa nne usiku huonekana kama inaokoa siku, lakini huwashusha kabla ya alfajiri wakati mwili haujui ulale au uamke. Tangu Januari 2024 nauli ya kawaida ni shilingi 1,500 na daraja la kwanza ni 4,500. Tiketi za msimu wa sikukuu huisha mapema, kwa hiyo nunueni ya kurudi siku ileile mnayonunua ya kwenda.

Mnaokwenda Diani, hesabuni pia safari ya kati ya stesheni na Ukunda. Kwa gari, barabara ya Dongo Kundu huwavusha kutoka upande wa Miritini bila kupanga foleni ya kivuko cha Likoni. Mkipitia kisiwani na kuvuka kwa miguu, feri ni bure, ila jipeni muda wa kutosha. Treni haimsubiri aliyekwama Likoni.

4. Wekeni nyumba tayari kuwapokea

Usiku wa kuamkia safari, fanyeni kazi ya saa moja. Osheni vyombo vyote. Tandikeni kitanda kwa mashuka safi. Toeni takataka, fungeni gesi, chomoeni vyombo vya umeme visivyohitajika. Wekeni kwenye friza chakula cha jioni moja, kama maharagwe yaliyokwisha kuungwa. Mwachieni jirani mnayemwamini namba zenu, na mumwambie siku mtakayorudi.

Mkiwa bado Pwani, suuzeni nguo za baharini kwa maji yasiyo na chumvi na kuzianika kabla ya kuzifungasha. Chumvi hunyonya unyevu. Nguo yenye chumvi hainyooki wala haikauki vizuri, na ikifungiwa begini siku mbili hutoa harufu isiyotoka kwa ufuaji mmoja. Kung'uteni mchanga nje ya chumba, kisha nguo chafu ziwe kwenye mfuko wake. Mkifika, mfuko huo unakwenda moja kwa moja kwenye beseni.

5. Mkiwa ufuoni, jipeni nafasi

Wanandoa wengi wa mjini huonana kwa muda mfupi tu kila siku, tena wakiwa wamechoka. Kukaa pamoja kutwa kucha kwa siku saba ni jambo jipya kwao, na upya una uzito wake. Gawanyeni siku. Asubuhi kila mmoja afanye analolipenda: mmoja aogelee, mwingine alale au asome chini ya mvinje. Kuanzia alasiri mwe pamoja, simu zikiwa chumbani. Siku ya kwanza msipange chochote zaidi ya kula na kulala.

Katikati ya wiki, fanyeni jambo moja ambalo nyote wawili hamlijui. Kusini kidogo ya Diani kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ambao ni sehemu ya misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni hufungwa shuka nyeusi kiunoni na kuongozwa na mwenyeji kwa utaratibu wa mahali hapo. Mkitoka humo mtakuwa na la kuzungumza kwenye meza ya chakula, mbali na watoto na bosi.

6. Chagueni jambo moja la kurudi nalo

Ufuoni watu huapa mengi: tutaacha simu, tutafanya mazoezi, tutahama mtaa, tutakuwa tukila pamoja kila siku. Ahadi nyingi hazivuki Mto Voi. Siku moja kabla ya ile ya mwisho, mwulizane: ni kitu gani kidogo cha hapa kimetutuliza, ambacho Nairobi nayo inaweza kutupa? Kwa mmoja ni kutembea jioni. Kwa mwingine ni chai isiyo na haraka. Chagueni kimoja tu, mpange siku na saa yake, na mkubaliane nani atamkumbusha mwenzake.

Kama ni kutembea, mji unazo njia. Msitu wa Karura upo hadi leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1998 na 1999, hata akajeruhiwa, ili usigawanywe viwanja. Ada ya kuingia ni ndogo ukilinganisha na gharama ya safari yoyote. Jumapili mbili kwa mwezi chini ya miti ile zinaweza kuihifadhi ndoa zaidi kuliko wiki moja ya Desemba.

7. Lindeni wiki ya kwanza

Siku ya kwanza kazini, msikubali mkutano wala kazi mpya ikiwa mna uwezo wa kukataa. Someni ujumbe wa barua pepe kuanzia mpya kwenda wa zamani, maana mambo mengi ya zamani yatakuwa yamekwisha kujitatua. Nyumbani, msialike wageni hadi Jumamosi. Jumatano jioni pikeni mlo mmoja wa Pwani: samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, au mahamri na mbaazi kama pesa ni za kubana. Zawadi za korosho na halua ziwafikie wenyewe wiki hiyohiyo. Ndugu na jirani aliyewalindia nyumba wakipewa chao, likizo yenu inakuwa ya watu wengi.

Na jambo hili msilipuuze: Pwani ina malaria zaidi kuliko Nairobi. Laleni ndani ya chandarua na mjipake dawa ya kufukuza mbu jioni. Dalili za malaria mara nyingi hujitokeza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa na mbu mwenye vimelea, yaani mkiwa mmekwisha kurudi na kusahau. Homa, kichwa kuuma, kutetemeka au uchovu wa ghafla katika wiki zinazofuata usiitwe mafua ya baridi ya Nairobi. Nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo, mseme kwamba mmetoka Pwani, na muombe kupimwa. Mjamzito mwenye dalili hizi asichelewe hata kidogo.

8. Fungeni hesabu, kisha mfungue kalenda

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, kaeni nusu saa na karatasi ile ya mwanzo. Jibuni maswali matatu: tulitumia kiasi gani zaidi ya tulivyopanga, ni siku gani tulifurahi zaidi, na ni nini hatutarudia? Majibu yaandikwe, kwa maana mwakani kila mmoja atakumbuka kivyake.

Halafu chagueni tarehe ya mapumziko yanayofuata. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12 ya utumishi. Siku hizo ni haki yenu, na si lazima zote zimalizwe Desemba. Zungumzeni na waajiri, mgawanye: siku chache Aprili za kukaa nyumbani na kulala, siku chache Agosti za kwenda ushagoni, nyingine za bahari. Ombi la likizo liandikwe wiki hiyo, na mwanzie hapo kuweka akiba ya kila mwezi, hata ikiwa ni shilingi 500 kila mmoja.