JIKO LA INDAKSHENI LINAPORUDISHWA DUKANI: PIMA KABLA YA KUHESABU HASARA

Msimu wa korosho ndio unaopanga biashara ya Masasi na Newala. Minada ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba, kwa kawaida huanza Oktoba. Fedha za mkulima zikishaingia, maduka ya Mkomaindo huuza bati, magodoro na pikipiki, na siku hizi vifaa vya umeme vya jikoni pia. Kimojawapo ni jiko la indaksheni, lile bapa lenye uso wa kioo ambalo hupika bila moto kuonekana. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga kuwafikishia nishati hiyo asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kwa hiyo mfanyabiashara anayeingiza majiko haya hajakosea soko.

Tatizo ni kwamba miezi ya fedha kusini hupakana na miezi ya mvua na radi. Jiko lililouzwa Novemba linaweza kurudi dukani Januari likiwa kimya. Muuzaji asiyejua kinachoendelea ndani yake ana njia mbili tu: kumpa mteja jiko jipya na kula hasara, au kumkatalia na kumpoteza mteja. Somo la wiki hii ni njia ya tatu, yaani kupima kwa utaratibu, kuanzia kwenye kisichogharimu kitu hadi kwenye kinachogharimu.

Jiko linavyofanya kazi

Ifahamike kwanza kwamba kioo cha jiko hili hakizalishi joto. Chini yake kuna koili ya waya wa shaba. Umeme wa volti 230 unaoingia hugeuzwa na daraja la dayodi kuwa umeme wa mkondo mmoja kama wa betri, kisha transista kubwa iitwayo IGBT huukatakata mara 20,000 au zaidi kwa sekunde na kuupitisha kwenye koili. Usumaku unaozaliwa hapo ndio unaochemsha kitako cha sufuria. Kwa maneno mengine, sufuria ni sehemu ya mtambo wenyewe. Pasipo sufuria inayofaa, jiko zima hulia na kujizima.

Hatua ya kwanza: sufuria

Sufuria nyingi za majumbani mwetu ni za alumini, na majiko ya kawaida ya aina hii hayazitambui. Chungu cha udongo ni vivyo hivyo. Chukua sumaku ndogo, hata ile iliyotolewa kwenye spika mbovu, uiweke kwenye kitako cha sufuria. Ikinata kwa nguvu, sufuria inafaa. Isiponata, jiko halina kosa. Chuma cha pua kipo kinachovuta sumaku na kipo kisichovuta, kwa hiyo usiuze kwa kutazama mng'aro. Aidha, kitako kiwe bapa na kipana cha kutosha kufunika katikati ya duara lililochorwa.

Muuzaji anayeweka sumaku kaunta na kuuza jiko pamoja na sufuria yake huondoa malalamiko haya kabla hayajazaliwa.

Hatua ya pili: umeme unaofika

Jiko la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 kwenye volti 230. Mzigo huo ni mzito kwa ekstensheni nyembamba inayogawana na friji na televisheni. Plagi ikiwa ya moto mkononi, au soketi ina weusi na harufu ya plastiki, kosa liko ukutani. Chomeka jiko kwenye soketi nyingine iliyo nzima kabla ya kulilaumu.

Hali kadhalika, jiko linalofanya kazi mchana na kukataa saa mbili usiku linasema jambo. Nyumba iliyo mwisho wa laini hupata umeme hafifu wakati mtaa mzima umewasha vifaa, na jiko hujizima kujilinda. Fundi apime volti kwenye soketi wakati jiko linapika, kwani kipimo cha soketi isiyo na mzigo hudanganya. Jenereta ndogo ya dukani isiyofikia wati za jiko italeta dalili hiyohiyo.

Lipo pia lalamiko la kwamba jiko "linakula umeme". Hilo lipigiwe hesabu. Kwa bei zilizowekwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa daraja D1 alilipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti ya ziada, kabla ya kodi na tozo. Tuseme nyumba ilikuwa ikitumia uniti 40, kisha jiko likaongeza uniti moja na nusu kwa siku. Jumla ni uniti 85 kwa mwezi, na uniti 10 zimevuka mpaka. Jiko ni zima, ila mteja hakuelezwa kwamba LUKU yake ingebadilika.

Hatua ya tatu: ndani ya jiko

Hapa ni mahali pa fundi. Kapasita za ndani huweza kubaki na umeme wa volti zaidi ya 300 hata baada ya plagi kutolewa. Subiri dakika kadhaa, kisha hakikisha kwa mita kabla ya kugusa.

Jiko likiwaka, likapika kidogo na kuzima, tazama feni. Vumbi, mafuta na mende huizuia kuzunguka, na joto likipanda jiko hujikinga. Kusafisha feni au kuibadilisha ni kazi nafuu. Likionyesha herufi E na tarakimu, fungua kijitabu chake, maana kila kiwanda kina orodha yake na E2 ya huyu si E2 ya yule. Mara nyingi msimbo unaobaki hata jiko likiwa baridi huelekeza kwenye sensa ya joto iliyo chini ya kioo au nyaya zake.

Jiko lililokufa kabisa lianzie kwenye fyuzi. Fyuzi ikiwa nzima, chunguza sehemu inayotoa umeme mdogo wa kuendesha feni na vitufe. Fyuzi ikiwa imeungua, simama hapo hapo. Fyuzi haiungui bila sababu. Fundi anayebadilisha fyuzi peke yake na kuwasha huiunguza ya pili, na pengine vipuri vingine pamoja nayo.

Kwanza apime IGBT. Ikipimwa kati ya miguu ya kolekta na emita, na mita ikaonyesha karibu sifuri pande zote mbili, imepiga shoti. Kisha apime daraja la dayodi kwa namna hiyo. Atazame pia varista, kile kidonge bapa karibu na mahali umeme unapoingia. Kikiwa kimepasuka au kimeungua, yamkini umeme mkubwa ulipita, kama ule wa radi. Hatimaye apime vipuri vinavyoisukuma IGBT, la sivyo mpya itafuata ya zamani.

Baada ya kubadilisha, jiko lisiwashwe moja kwa moja. Liunganishwe kwa mfululizo na balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 100, si ya LED. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, shoti haipo. Ikibaki na mwanga mkali, shoti ingali ndani, na balbu imeokoa bei ya vipuri. Balbu hii ni ya kupimia tu, si ya kupikia.

Faida iko wapi

Mwekezaji mdogo mwenye mtaji wa kufungua meza ya ufundi Mkomaindo au Newala hahitaji mitambo. Anahitaji mita, pasi ya kulehemu risasi, balbu ya kupimia, na akiba ya fyuzi, feni na IGBT za majiko yanayouzwa hapo. Ndiyo maana muuzaji anashauriwa kuchukua aina moja au mbili tu za majiko, na amuulize muuzaji wa jumla kuhusu vipuri kabla ya kulipa. Duka lenye aina saba lina matatizo saba.

Mwisho, kila jiko litoke na karatasi ya Kiswahili yenye maneno matatu: tumia sufuria inayonata sumaku, chomeka kwenye soketi yake peke yake, na ngurumo zikianza chomoa plagi. Karatasi hiyo ni rahisi kuliko nauli ya kurudisha jiko moja Dar es Salaam.