Kabla ya Kugawa Krismasi, Fungua Daftari



Huku kwetu Nachingwea, na kwa jirani zetu wa Ruangwa, Krismasi haiji peke yake. Inakuja na hela ya korosho. Minada inaanza Oktoba, malipo yanapitia AMCOS, na kufika Desemba mwenye duka, genge au cherehani anauza kuliko miezi mingine. Na kila mtu anajua kwamba unauza! Watoto wa ndugu wanataka nguo za sikukuu, jumuiya inachangisha kwa ajili ya wagonjwa, jirani Mwislamu aliyekuletea pilau ya Idi naye anastahili sahani yake. Yote mazuri. Swali langu ni moja tu: unatoa kutoka mfuko upi?

Mwaka 2018 nilikuwa sekondari, na likizo nilisaidia dukani kwa shangazi. Msimu ule wakulima walikataa bei za mnadani, na Novemba Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tukafurahi. Ila malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wakulima wengi sikukuu iliwakuta bado wanasubiri. Shangazi hakusubiri. Aligawa mchele, sukari na mafuta kwa ndugu, kwa majirani, hata kigangoni, akiamini hela iko njiani. Mimi ndiye niliyekuwa napima kwenye mizani, najiona mtakatifu kabisa. Januari rafu zikawa tupu, akakopa kikoba ili anunue mzigo. Na kijana aliyekuwa akimbebea magunia alikuwa anadai mshahara wa miezi miwili. Alipokuja kuudai akaambiwa avumilie, si unajua tulikuwa na sikukuu. Nilikuwepo pale. Sikusema kitu.

Miaka ya falsafa nikakutana na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, na nikaikumbuka mizani ile. Kwa Tomaso, haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Sadaka ni tendo la upendo, na unaitoa katika kilicho chako. Sasa, mshahara wa yule kijana ulikuwa wa nani? Sehemu ya mchele tuliogawa kwa furaha ilikuwa jasho lake. Soma Yakobo 5:4 uone mshahara uliozuiliwa unapiga kelele kwa nani. Tomaso anafundisha pia kwamba, kwa kawaida, mtu asitoe hadi yeye na wanaomtegemea wakakosa cha kuishi. Mimi naongeza kwamba mtaji wa duka dogo uko humo humo, maana ndio unaolisha nyumba.

Kuna atakayesema: Frateri, ukianza kupiga mahesabu umeua ukarimu, Bwana alisema mkono wa kushoto usijue. Hapana. Katika Mathayo 6 Bwana anakataza kujionyesha, hakatazi kupanga. Paulo aliwaagiza Wakorintho kila mmoja atenge kidogo kila siku ya kwanza ya juma, ili michango isianze kukusanywa siku atakayofika (1 Kor 16:2). Hiyo ni bajeti, jamani. (Na sisi wa Nachingwea tunajua gharama ya kutohesabu. Waingereza walileta mradi wa karanga na reli juu yake, 1951 mradi ukafutwa, na reli yenyewe leo haipo. Linganisha na Luka 14:28.)

Kwa hiyo usingoje tarehe 23 Desemba. Mapema Oktoba fungua daftari. Toa kwanza unachodaiwa: mshahara wa msaidizi, kodi ya fremu, deni la duka la jumla. Tenga hela ya mzigo wa Januari, maana Januari wateja wengi wana gharama za shule za watoto. Kinachobaki ndicho chako. Ukiweka 2,000 kwenye kopo kila Jumapili, kwa wiki 12 una 24,000. Sio nyingi, lakini hakuna mtu anayelia nyuma yake.

Tena pitia ukurasa wa wadaiwa. Utakuta jina la mjane ambaye hatalipa, na wewe unajua hatalipa. Kufuta lile deni ni zawadi ya Krismasi, na nadhani ni bora kuliko kapu la kupigia picha. Ila ulihesabu humo humo kwenye kiasi chako, usifute kwa mbwembwe halafu ukamkata msaidizi.

Yule kijana alimaliziwa hela yake Machi, kwa mafungu. Siku hizi shangazi humlipa msaidizi wake tarehe 20 Desemba, kabla hajapima hata kilo moja ya kugawa. Mimi ndiye bado nina deni. Nasikia yule wa kwanza yuko Ruangwa, anaendesha bodaboda. Likizo hii nitapita kumwona, nimwombe msamaha kwa ule ukimya wangu.