Matundu Makubwa ya Udongo na Usalama wa Maji ya Kisima

Kaya nyingi huamini kwamba maji ya kisima ni salama kwa sababu yamechujwa na ardhi. Imani hiyo ina ukweli, lakini ina mipaka ambayo mhudumu wa afya na mgonjwa wanapaswa kuifahamu.

Udongo unavyochuja

Maji yanapopenya polepole kati ya chembe ndogo za udongo, vimelea vingi hunaswa, hushikamana na chembe hizo au hufa kabla ya kufikia maji ya ardhini. Kinga hii huhitaji muda.

Hata hivyo, ardhini mna pia njia pana: mashimo ya nyungunyungu na mchwa, nafasi zilizoachwa na mizizi iliyooza, na nyufa za udongo wa mfinyanzi uliokauka. Katika maeneo ya mawe ya matumbawe, kama yalivyo mengi ya Zanzibar, maji ya mvua huyeyusha mawe na kuacha mianya. Kipenyo cha tundu lenye umbo la bomba kikiongezeka mara 10, maji yanayopita kwa msukumo uleule huongezeka mara 10,000. Bakteria wa kipindupindu, mwenye urefu wa takriban sehemu 2 kati ya 1,000 za milimita, hapati kizuizi humo.

Kwa nini wakati wa mvua?

Mvua kubwa inaponyesha kwa kasi inayozidi uwezo wa udongo kunyonya, maji yanayosalia huingia katika matundu hayo na kubeba uchafu wa juu ya ardhi. Mwezi Mei 2000, katika mji wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilisomba vimelea vya samadi ya ng'ombe hadi kwenye kisima kifupi kilichopata maji katika mwamba wenye nyufa. Klorini iliyotiwa haikutosha. Watu wapatao 2,300 waliugua na 7 wakafariki.

La kufanya

Umbali wa mita 30 kati ya choo cha shimo na kisima, ambao hupendekezwa mara nyingi, hautoshi kuwa dhamana penye mwamba wenye mianya. Mhudumu anayempokea mgonjwa wa kuhara amuulize chanzo cha maji yake, mahali choo kilipo, aina ya ardhi, na iwapo mvua ilinyesha siku zilizotangulia.

Nyumbani, maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kwa dakika moja, au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, kisha yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko. Kisima kijengewe ukuta na sakafu ya saruji ili maji ya juu yasitiririkie ndani.

Anayeharisha aanze mara moja kunywa maji yenye chumvichumvi maalumu (ORS), yaliyochanganywa kwa maji salama. Akiharisha majimaji mengi mfululizo, apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Maji kuwa maangavu si ushahidi kwamba hayana vimelea.