Shamba la Nabothi na Msitu wa Duru-Haitemba

Somo la mwezi huu: 1 Wafalme 21. Yafaa wainjilisti walisome lote mbele ya darasa kabla ya kuendelea na maneno haya.

Habari ya Nabothi hata watoto wa shule ya Jumapili waijua. Twaifundisha kama habari ya tamaa ya mfalme Ahabu, na kweli ndivyo ilivyo. Walakini yako mambo mawili ambayo mara nyingi twayapita upesi. La kwanza ni sababu ya Nabothi kukataa. Mfalme hakumwonea kwa bei. Alimtolea fedha, akamtolea na shamba jingine lililo bora. Nabothi akakataa kwa sababu shamba lile hakulihesabu kuwa mali yake ya kuuza. Alilipokea kwa baba zake, naye alikuwa na deni la kuwapa watoto wake. La pili ni hili: ni nani waliomwua? Si askari wa mfalme. Yezebeli aliandika barua, akazitia muhuri, na waliozitimiza ni wazee wa mji wa Nabothi mwenyewe, watu walioketi pamoja naye langoni kila siku.

Tunayakumbusha mambo haya kwa sababu ya nchi yetu hii ya Babati. Mtu asimamaye mjini huona mlima Kwaraa, ambao msitu wake ni hifadhi ya Serikali. Lakini upo msitu mwingine katika wilaya yetu, nao una habari ambayo imesomwa mpaka nchi za mbali, na vijana wetu wengi hawaijui. Ni msitu wa Duru-Haitemba, miti ya miombo juu ya vilima, hektari zipatazo 9,000. Vijiji vinane vinauzunguka: Ayasanda, Bubu, Duru, Endagwe, Endanachan, Gidas, Hoshan na Riroda. Wenyeji wake hasa ni Wagorowa, ambao wengine huwaita Wafiome. Humo watu walipata kuni, fito, asali, uyoga, dawa na malisho ya wakati wa kiangazi. Na chemchemi zao zatoka humo.

Katika miaka ya 1980 Serikali ilikusudia kuufanya msitu huu kuwa hifadhi yake, na wapimaji wakaja kuweka mipaka. Nia ilikuwa njema, maana miti ilikuwa ikiharibiwa. Lakini angalieni matokeo yake. Watu waliposikia kwamba msitu utachukuliwa, hawakuutunza zaidi. Wengi walifanya haraka kukata na kulima kabla ya mlango kufungwa. Tusiwahukumu upesi. Mtu akiambiwa kwamba ng'ombe wake atachukuliwa kesho, je! leo atampeleka malishoni au atamchinja? Vijiji vikalalamika, vikapinga, na shauri likakawia miaka kadhaa.

Ndipo likaja jambo jipya. Wakati ule wilaya ilikuwa na mpango wa matunzo ya ardhi uliosaidiwa na Serikali ya Sweden, ulioitwa kwa kifupi LAMP, na pamoja na mabwana misitu wa hapa alikuwako bibi mmoja mjuzi wa mambo ya haki za ardhi, Liz Alden Wily. Badala ya kuwaambia watu sheria, waliwauliza: Ikiwa msitu utabaki mikononi mwenu, ninyi mtautunzaje? Swali hili ni dogo, lakini ndilo lililogeuza mambo. Wazee walitembea mipakani pamoja na jirani zao wakapatana sehemu ya kila kijiji. Wakachagua kamati. Wakaweka vijana kuwa walinzi. Wakaandika kanuni zao wenyewe: kulima ndani ni marufuku, kuchoma mkaa ni marufuku, kubambua magome kuzunguka shina ili kufanya mizinga na vihenge ni marufuku, kuokota kuni zilizokauka, uyoga na dawa ni ruhusa, atakaye fito za kujengea sharti apate kibali. Kwa miaka ya 1994 na 1995 Serikali iliacha dai lake, na kanuni za vijiji zikathibitishwa na Halmashauri ya Wilaya kuwa sheria ndogo. Hivyo vilima vilevile ambavyo vilikuwa vikiharibiwa vikawa na walinzi wasiolipwa mshahara na mtu wa mbali.

Msidhani kwamba twasifu kwetu bure. Baada ya Babati kazi hiyo ilifuatwa Mgori katika Singida, na tena Kiteto katika mkoa wetu wa Manyara, ambako vijiji vya kata za Sunya, Lengatei na Dongo vilijiunga kuutunza msitu mkubwa uitwao kwa kifupi SULEDO, vikapewa tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Na nchi nzima ilijifunza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, na Sheria ya Misitu, namba 14 ya mwaka 2002, zimetia katika maandishi yale yaliyojaribiwa kwanza katika vilima hivi.

Yatupasa kuzifahamu sheria hizi kidogo, maana watu wetu hutuuliza. Kijiji kina njia mbili. Msitu ukiwa katika ardhi ya kijiji, kijiji chaweza kuutangaza kuwa hifadhi yake, nacho ndicho msimamizi, na faini na mapato ni yake. Msitu ukiwa wa Serikali, kijiji chaweza kufanya mapatano ya kuutunza pamoja na Serikali. Lakini hapo msitu haugeuki kuwa wa kijiji, na ni vema watu waambiwe hivyo waziwazi wasije wakatumaini kitu kisichokuwamo katika mapatano. Tena sheria ya mwaka 1999 haisemi kwamba Halmashauri ya Kijiji ni mwenye ardhi. Halmashauri ni mdhamini tu, yaani mshika amana kwa ajili ya wanakijiji wote, nayo haina ruhusa kumgawia mtu ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Tulieleze neno hili la amana, kwa kuwa Wakristo walijua tangu zamani katika mifano ya Bwana wetu juu ya mawakili.

Wako watu wengine ambao haki yao ni nyembamba zaidi, nao ni jirani zetu Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu. Hawa huishi kwa mizizi, asali, matunda ya mibuyu na nyama ya mwituni. Kwa kuwa hawalimi, wageni waliokuja na majembe na mifugo walisema nchi hii haina mwenyewe, na mwaka kwa mwaka pori likapungua. Chama kiitwacho Ujamaa Community Resource Team, chenye asili yake kaskazini mwa nchi yetu, kiliwasaidia kudai haki yao, na mwaka 2011 walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jumuiya yao yote, si kwa mtu mmoja mmoja, juu ya hektari zaidi ya 20,000. Hati ya namna hii haikuwa imezoeleka. Wengi walidhani hati ni ya mtu mwenye shamba lake tu. Mmoja wa viongozi wa chama hicho, Edward Loure, alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi hii ya hati za jumuiya. Viko na vyama vingine. Tangu mwaka 1985 kuna chama cha kuhifadhi misitu ya Tanzania, TFCG, na pamoja nacho MJUMITA, mtandao wa wanavijiji wenyewe walio watunzaji wa misitu.

Vyama hivi ni msaada mkubwa, lakini tusivitazame kama mkulima atazamavyo mvua. Mkunga humsaidia mama kuzaa, kisha huenda zake. Mtoto hulelewa na mama. Mpango wa LAMP ulikwisha miaka mingi iliyopita, na magari yake hayapo tena. Kilichobaki ni kamati, daftari la faini, na mipaka ambayo wazee waliitembea kwa miguu. Mahali ambapo hivyo vitatu vimepotea, hakuna mgeni atakayeurudisha msitu.

Na hapa twarudi kwa wazee wa Yezreeli. Tumezoea kuogopa Ahabu, mtu mkubwa atokaye mbali na fedha. Lakini barua yake haiwezi kitu ikiwa wazee wa mji hawakubali. Msitu wa kijiji huuzwa usiku na mwanakamati anayefumba macho gari la mkaa lipitapo. Hupungua kila mwaka kwa mjumbe anayemkatia binamu yake ekari mbili ukingoni, akisema ni kidogo. Wengine katika wazee hao ni wazee wa kanisa pia. Twasema neno hili kwa uchungu, maana tumewaona wakishiriki Meza ya Bwana.

Na sisi wachungaji tusijitoe. Miaka kadhaa iliyopita tulisimamia ujenzi wa nyumba ya mwinjilisti katika usharika mmoja. Matofali yalichomwa vizuri, tukafurahi, tukawashukuru waliojitolea kuleta magogo. Hatukuuliza magogo yametoka wapi. Baadaye mama mmoja, mjane, alituambia kwa adabu baada ya ibada, "Baba Mchungaji, mlinzi wa msitu ni mwanangu. Usiku ule aliwazuia watu wenye magogo, wakamwambia ni ya kanisa, akawaacha wapite." Hatukuwa na jibu. Tulikwenda kwa kamati ya kijiji, tukaungama, na usharika ukalipa faini kama watu wengine walipavyo. Baadhi ya washarika walinung'unika kwamba tumelitia kanisa aibu. Kijana yule bado ni mlinzi.

Basi wainjilisti, baada ya kulisoma somo hili na darasa, fanyeni uchunguzi katika kijiji chenu. Je! kijiji kina cheti cha ardhi yake, nacho kimewekwa wapi, na ni nani waliokiona kwa macho? Sheria ndogo za msitu zipo kwa maandishi, au zipo vinywani mwa watu wawili tu? Mkutano Mkuu uliitwa lini mara ya mwisho kusomewa mapato na faini? Katika kamati wamo wanawake wangapi, hali wao ndio wabebao kuni na maji? Na matofali ya kanisa lenu yalichomwa kwa miti ipi? Majibu yaandikwe katika daftari la usharika, na kuletwa katika mkutano wa wainjilisti. Mwezi ujao tutasoma Hesabu 27, habari ya binti za Selofehadi waliosimama mbele ya Musa kudai urithi wa baba yao.